Ukakasi wa divai na ufukara wa ndimi zetu

Majuzi nilihudhuria karamu ya posa nyumbani kwa jirani yangu mtaani Buruburu, Nairobi. Palikuwa na ugali, nyama ya kuchoma, mutura na kachumbari. Mgeni mmoja aliyetoka Tanzania alikuwa amebeba chupa ya divai nyekundu ya Dodoma, nasi watu wazima wanne, walimu sote, tukaionja. Mwenyeji akatuuliza ladha yake. Wa kwanza akasema ni chungu. Wa pili akasema ni kali. Wa tatu akasema "inafunga mdomo". Mimi, niliyetunukiwa shahada ya uzamifu kwa kuchunguza maneno, nikakimbilia neno la Kiingereza.

Nyanya mmoja mzaliwa wa Pumwani, Mwislamu ambaye hajapata kuonja pombe maishani mwake, alikuwa akitusikiliza huku akicheka. "Wanangu, huo ni ukakasi," akatuambia. "Kwani hamjapata kuuma ndizi mbichi?"

Nilirudi nyumbani nimetahayari. Neno lilikuwepo tangu jadi. Sisi ndio tuliolitoroka.

Wapo watakaosema kwamba divai ni kitu cha wageni na kwa hivyo Kiswahili hakina haja nayo. Hoja hii haina mashiko. Neno "mvinyo" tulilipata kwa Wareno, "divai" likatokana na Kifaransa, na "zabibu" likatoka katika Kiarabu, ambako lina maana ya tunda lililokaushwa. Waswahili waliyapokea maneno haya, wakayavika ngeli na kuyafanya yao. Mzabibu wenyewe nao umekuwa mwenyeji. Dodoma, mahali pakavu palipo mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka.

Miongoni mwa aina zilizopandwa huko imo Teroldego, zabibu nyeusi ya Trentino, kaskazini mwa Italia, chini ya milima ya Alps. Divai yake ina rangi nzito na uchachu ulio wazi. Je, wakulima wa milima hiyo huinywa kwa chakula gani? Kwa polenta, yaani sima ya unga wa mahindi, pamoja na nyama na uyoga. Mahindi yalitoka Amerika yakafika kwao na kwetu pia. Basi yule anayedhani kwamba divai nyekundu na ugali havipatani hana habari kwamba kuna watu wanaovila pamoja mezani kila siku.

Upatanifu huo una sababu yake. Ukakasi hutokana na tanini iliyomo katika maganda na kokwa za zabibu. Tanini hushikana na protini za mate, ulimi ukahisi umekauka. Nyama yenye mafuta huupunguza ukakasi huo, na uchachu wa divai nao huukata mafuta. Ndiyo maana divai ile ilipendeza kwa mutura. Kwa samaki wa mafuta mengi, divai nyekundu huweza kuacha ladha mfano wa chuma, na kwa pilipili nyingi ukali wa pombe huzidi kuwasha. Haya yote nimeyaeleza kwa Kiswahili, na sijaazima ila jina la zabibu, la milima, la sima ya Kiitalia, na majina mawili ya kemia.

Sisemi haya ili kuwashawishi vijana wanywe. Wakazi wa mashariki mwa Nairobi wanaijua vyema gharama ya ulevi. Mnamo Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walifariki, wengi wao wakiwa wa vitongoji vya Mukuru, baada ya kunywa pombe haramu iliyokuwa na methanoli. Mwanafunzi hahitaji hata tone moja ili ajifunze neno ukakasi. Nyanya wa Pumwani ni shahidi wangu.

Ombi langu ni kwa walimu wenzangu. Mpe mwanafunzi insha kuhusu chakula akipendacho, naye atakuandikia kwamba ni "kitamu sana", kisha ataishiwa. Ilhali tuna ugwadu wa ukwaju, uchachu wa maziwa yaliyolala, uchungu wa mwarobaini, ukali wa tangawizi, na mchuzi ulio chapwa kwa kukosa chumvi. Maneno haya hayapatikani kwa kukariri orodha ubaoni. Mwalimu na alete darasani ndizi mbichi, ukwaju na limau, wanafunzi waonje, kisha waseme. Halafu awatume kwa nyanya zao mitaani Makongeni, Kaloleni na Pumwani, warudi na maneno ambayo kitabu chao hakina.

Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Sisi wasomi tumeuacha mbacha hata tumesahau uliko. Siku hiyo pale Buruburu, aliyeijua divai vizuri zaidi kuliko sisi sote ni yule ambaye hakuigusa, kwa kuwa aliijua lugha.