Programu za Simu kwa Vijana Wenye Saratani: Madai Manne na Majibu Yake

Programu za simu zinazomsaidia kijana mwenye saratani kufuatilia maumivu, kichefuchefu na uchovu zina wapinzani na washabiki. Pande zote mbili zina la kujibiwa.

Dai la kwanza: "Saratani si mchezo." Ni kweli, ila mchezo umewahi kuisaidia tiba. Mwaka 2008 jarida la Pediatrics lilichapisha jaribio la mchezo wa kompyuta, Re-Mission, ambamo mchezaji huongoza roboti aitwaye Roxxi kuwinda seli za saratani mwilini. Walishiriki wagonjwa 375 wa miaka 13 hadi 29, katika vituo 34 vya Marekani, Kanada na Australia. Waliopewa mchezo huo walizingatia zaidi vidonge vyao kuliko waliopewa mchezo wa kawaida. Hilo si dogo: mwenye saratani ya damu huendelea kumeza dawa kwa muda mrefu huku akijiona mzima, na dozi anazoruka humwongezea hatari ya ugonjwa kurudi. Hata hivyo, mchezo haukuwaondolea msongo wa mawazo. Kila chombo na kazi yake.

Dai la pili: "Watajaza siku mbili, kisha wataacha." Hutegemea programu imetengenezwaje. Hospitali ya SickKids ya Toronto ilibuni Pain Squad, ambayo humfanya mgonjwa kuwa askari mpelelezi. Huripoti maumivu yake asubuhi na jioni, na kadiri anavyoripoti ndivyo anavyopanda cheo. Katika jaribio la awali, ambalo lilikuwa dogo, wastani wa ripoti zilizojazwa ulifikia asilimia 81.

Dai la tatu: "Daktari huuliza hayo yote kliniki." Huuliza, lakini siku ya kliniki. Vidonda vya mdomoni na kutapika humkuta mgonjwa nyumbani, kati ya miadi na miadi. Isitoshe, kijana akiulizwa hali mbele ya mama ambaye hajalala wiki nzima, atajibu kuwa hajambo. Kwenye simu anaweza kusema ukweli bila kumtazama mtu usoni.

Dai la nne, na hili ni la washabiki: "Programu itapunguza kazi ya wauguzi." Hapa ndipo ahadi hupita kiasi. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya PediQUEST, jaribio la watoto 104 wenye saratani iliyokomaa. Ripoti za dalili zilipelekwa kwa madaktari na familia, lakini kwa wastani nafuu iliyopatikana haikuwa ya maana kitakwimu. Mwaka 2024 jarida la JAMA lilichapisha jaribio jingine lililofanyika katika vituo 20 vya Marekani, kwa wagonjwa 445 wa miaka 8 hadi 18. Safari hii ripoti ziliambatana na miongozo ya tiba iliyowaeleza wahudumu la kufanya kwa kila dalili. Baada ya wiki nane, dalili za waliotumia njia hiyo zilikuwa nyepesi kuliko za wenzao. Lakini kundi hilohilo lilifika zaidi idara ya dharura, wala haishangazi: tatizo likishajulikana, lazima lishughulikiwe. Programu huleta kazi mpya, na kazi hiyo inahitaji watu.

Wala tusiseme hayo ni ya ng'ambo tu. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, imekwisha kujaribu programu ya kufuatilia dalili za wagonjwa watu wazima waliorudi nyumbani.

Kwa hiyo, kabla hospitali haijawagawia vijana programu, ijibu swali moja: taarifa ya maumivu makali ikiingia saa nane usiku, nani ataisoma na nani atampigia mgonjwa? Na kwa homa ya nyuzi 38 katikati ya tiba ya kemikali, kijana aambiwe asijaze chochote. Apige simu na kwenda hospitali mara moja.