Lubumbashi: Udongo uliouawa na moshi wa shaba unaweza kupona, lakini deni lake ni la nani?

Kila mwaka, mvua za kwanza zikianguka Lubumbashi, majani yanaota haraka kando ya barabara, katika parsele na juu ya makaburi. Lakini kuna pahali ambapo mvua zinapita miaka na miaka na hakuna kinachoota. Ni upande ule ambako upepo ulipeleka moshi wa fabrike ya Gécamines, hasa katika mtaa wa Penga Penga. Huko udongo umebaki wazi na mgumu. Wakati wa mvua, maji yanauchimba mifereji. Wakati wa kiangazi, upepo unauinua kuwa vumbi, nalo vumbi linaingia katika nyumba, katika vyungu na katika vifua vya watoto.

Wakaaji wengi wamezoea kuona udongo huu kama kitu kilichokwisha kufa. Viongozi nao wamezoea kunyamaza. Lakini sayansi ya udongo, tena iliyofanywa hapahapa Lubumbashi, inaonyesha kwamba udongo huu unaweza kufunikwa tena na majani. Kinachokosekana ni mtu wa kulipa.

Chanzo cha uharibifu kinajulikana vizuri. Mji ulianzishwa mwaka 1910, na mwaka 1911 kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Union Minière du Haut-Katanga kikaanza kazi. Kwa miaka mingi bomba lake la moshi lilitupa hewani salfa pamoja na vumbi lenye shaba, zinki, risasi, kadimiamu, arseniki na kobalti. Kwa kuwa upepo wa Lubumbashi unatoka zaidi kusini-mashariki, mzigo huo ulianguka kaskazini-magharibi ya kiwanda. Salfa ikikutana na maji ya mvua inakuwa asidi. Miti ya miombo ilikufa, na ile iliyobaki ikakatwa kwa ajili ya makala. Bila mizizi ya kuushika, udongo mweusi wa juu, ule wenye rutuba, ulibebwa na maji.

Hivyo udongo wa Penga Penga una magonjwa matatu kwa wakati mmoja: madini mengi, asidi nyingi, na chakula kidogo cha mimea. Magonjwa hayo yanasaidiana. Shaba ikiwa katika udongo usio na asidi inashikamana na chembe za udongo, na mizizi haiipati kwa urahisi. Asidi ikizidi, shaba inayeyuka katika maji ya udongo na kuchoma mizizi michanga kabla haijashuka chini. Ndiyo sababu kupanda tu miti, kama inavyofanywa kila siku ya sherehe mbele ya kamera, hakutoshi. Mche unawekwa, picha inapigwa, na kisha miezi michache mche unakauka.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walifuata njia nyingine. Kwanza walichanganya udongo wa Penga Penga na chokaa ili kupunguza asidi, na mbolea ya takataka zilizooza ili kuishika shaba na kurudisha uhai katika udongo. Kisha walipanda majani ya kienyeji yanayotoka kwenye vilima vya shaba vya Katanga, mimea iliyozoea sumu hiyo tangu zamani sana. Moja kati yao, jani dogo linaloitwa Microchloa altera, lilionyesha nguvu kuliko mengine. Kisha miaka mitatu lilikuwa bado limesimama pahali ambapo mbele hakukuwa kitu.

Inafaa kusema wazi kazi hii inafanya nini na haifanyi nini. Majani hayaondoi shaba wala risasi. Madini yanabaki chini. Lakini udongo uliofunikwa hauruki kuwa vumbi na haubebwi na maji kuelekea visima na mito. Kwa mtoto anayecheza inje na kuweka mikono kinywani, tofauti hiyo ni kubwa. Ni kama kidonda kilichofungwa vizuri: hakijapona chote, lakini hakichafui tena nyumba nzima. Na kama kidonda, kinahitaji kuangaliwa. Moto wa kiangazi ukichoma majani, ao parsele zikigawanywa juu yake, vumbi linarudi.

Hapo kuna hatari ya kwanza. Lubumbashi inapanuka kila mwaka, na pahali pasipo na mti wala shamba panaonekana kama kiwanja cha bure. Familia inayonunua parsele kwa pesa iliyokusanywa miaka mingi haiambiwi kilicho katika udongo. Hakuna alama inayoonya, na katika hati ya parsele hakuna mstari unaosema neno. Muuzaji anapata pesa yake, na mnunuzi anapanda lengalenga nyuma ya nyumba. Mboga za majani zinaweza kuvuta sehemu ya madini kupitia mizizi, na vumbi linaanguka juu ya majani yake. Kuziosha vizuri kunaondoa vumbi, lakini hakuondoi kile kilichokwisha kuingia ndani.

Haifai hata kidogo kuwafukuza wamama wanaolima mboga. Wanalisha mji, na wengi hawana fasi nyingine. Kinachofaa ni kuwapimia udongo, kuwaonyesha bustani zipi ziko salama, na kuwasaidia kwa chokaa na mbolea pale ambapo dawa hiyo inatosha. Pale ambapo haitoshi, wapewe fasi ingine ya kulima, maana maneno pekee hayalishi watoto.

Hatari ya pili ni ya mbegu. Vilima vya shaba vya Katanga vina zaidi ya aina 600 za mimea, na karibu aina 30 kati yao hazioti pahali pengine popote duniani. Dawa ya Penga Penga inatoka huko. Lakini vilima hivyo ndivyo vinavyochimbwa. Kila kilima kinachogeuka shimo kinaondoka na mbegu zake. Huko Fungurume, kampuni ilihamisha udongo wa juu pamoja na mimea yake kabla ya kuchimba, na watafiti walisaidia kuihifadhi. Mfano huo unaonyesha kwamba inawezekana. Ungepaswa kuwa sharti kwa kila mchimbaji mkubwa, kabla tingatinga la kwanza halijapanda kilima.

Sasa tuje kwenye pesa. Mlima mweusi wa mabaki ya shaba, ule ambao kila mkaaji wa Lubumbashi anaujua, umepata wenyewe: umetumiwa tena tangu miaka ya 2000, kwa sababu ndani yake kuna kobalti. Mabaki yenye faida yana mwenyewe. Udongo uliochomwa na moshi uleule hauna.

Union Minière inasema nini? Haiko tena kwa jina hilo. Mali yake ya Congo ilichukuliwa na serikali mwaka 1967 na kuzaa Gécamines. Kampuni mama iliendelea huko Ulaya na tangu mwaka 2001 inaitwa Umicore. Mwaka 2004 ilipatana na mamlaka ya Flandre kurekebisha udongo ambao viwanda vyake vya zamani vilichafua katika Ubelgiji. Huko, moshi wa zamani ulihesabiwa kuwa deni. Lubumbashi, wakati mali ilipobadilisha mikono, hakuna aliyehesabu deni la udongo. Gécamines iliendesha kiwanda kwa miaka mingi, na katika miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400 000 za shaba kwa mwaka katika Katanga yote. Kisha ilianguka, ikaacha wafanyakazi bila mishahara na udongo bila daktari.

Sheria ya madini, iliyorekebishwa mwaka 2018, inadai kila kampuni iwe na mpango wa mazingira na dhamana ya pesa ya kurekebisha pahali inapochimba. Ni vizuri kwa mashimo ya leo. Lakini uharibifu wa zamani hauna jina la mtu katika sheria hiyo. Hata hivyo, sheria hiyohiyo inafungua mlango mwingine. Kwa ushuru wa madini, asilimia 25 inakwenda kwa jimbo, asilimia 15 kwa serikali za mitaa ambako mgodi uko, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kama kuna kitu kinachohusu vizazi vijavyo, ni udongo watakaojenga na kulima juu yake.

Na dawa haiko mbali. Mawe ya chokaa yanachimbwa Kakontwe, karibu na Likasi. Takataka za soko zinazoziba mifereji ya mji zinaweza kuoza na kuwa mbolea. Vijana wasio na kazi wako, na wataalamu wa udongo wako Kasapa. Kule Zambia, mwezi wa pili mwaka 2025, bwawa la mabaki ya mgodi lilipopasuka huko Chambishi na asidi kuingia katika mto Kafue, serikali ilituma ndege kumwaga chokaa juu ya maji. Chokaa ile ilinunuliwa wakati samaki walikuwa wamekwisha kufa. Lubumbashi ina nafasi ya kuinunua bila haraka hiyo.

Serikali ya jimbo la Haut-Katanga inaweza kuanza na mambo matatu. Kwanza, ichapishe ramani ya udongo uliochafuliwa na kukataza kuuza parsele pahali pabaya zaidi hadi pafunikwe. Pili, ipatie chuo kikuu pesa za kutosha kwa shamba la mbegu za majani ya vilima vya shaba. Tatu, ihesabu deni hili kwa maandishi, na kuliweka mezani mbele ya Gécamines, mbele ya serikali ya Kinshasa na mbele ya wale walioanza kuwasha moto mwaka 1911.

Mbegu zinapandwa mvua zinapoanza. Pesa ikitoka kisha mvua kwisha, kazi itangoja mwaka mwingine, na vumbi halitangoja.