Boxer Yake, TVS Yangu: Muulize Anayekaa Nyuma

Mwezi huu tunaweka pembeni habari za maua na kadi, tunaingia gereji. Tafadhali usifungue ukurasa mwingine, maana hili nalo ni suala la mapenzi kabisa. Ukitaka kujua wewe na mwenzako mnaelewana kiasi gani, wekeni mezani kadi mbili za pikipiki, halafu mwambiane: moja iuzwe. Ipi?

Sisi ndivyo tulivyofanya. Tunaishi Lingeka, huku Bariadi mkoani Simiyu. Mume wangu anafanya kazi Bariadi mjini, mimi ni mwalimu. Yeye ana Boxer BM150, mimi nina TVS HLX 125. Zote mbili zimetoka India, lakini usije ukamwambia mtu kijiweni kwamba ni kitu kimoja. Ushabiki wa Boxer na TVS ni kama wa Simba na Yanga, na kwetu timu zote mbili zinalala sebule moja.

Sasa nyumba tunayojenga ilikuwa haina mabati na mvua zinakaribia. Pikipiki moja lazima iende. Itakayobaki ifanye kazi za kila siku, na pia itubebe wote wawili mpaka Mwanza kumwona mama mkwe, ambaye anahudhuria kliniki huko. Ni zaidi ya kilomita 150 kwenda tu. Yeye akasema ya kwake ndiyo ya safari. Mimi nikasema ya kwangu ndiyo ya akili. Hapo ndipo mjadala ulipoanza.

Hata wenye nazo wanabishana

Usidhani ubishi huu ni wa kwetu tu. Wenzetu wenye pikipiki kubwa za safari wanabishana miaka nenda rudi. Kuna Honda Gold Wing ya Wajapani, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1974 ikiwa na injini ya cc 1,000. Toleo lililotoka mwaka 2018 lina silinda 6, cc 1,833, uzito zaidi ya kilo 360, na gia ya kurudi nyuma kama gari! Upande wa pili kuna Harley-Davidson wa Milwaukee, Marekani, walioanza mwaka 1903. Electra Glide yao ya mwaka 1965 ilipata jina hilo kwa sababu ya stata ya umeme: unabonyeza, inawaka, habari za kupiga kiki zimekwisha. Halafu kuna Wajerumani, BMW, ambao tangu mwaka 1980 wanatengeneza GS za kupita lami na vumbi. Mwaka 2007 waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman walizitumia kutoka Scotland hadi Cape Town, wakapita na hapa kwetu Tanzania. Kipande cha Malawi mpaka Zambia mke wa Ewan aliungana nao, na wala hakukaa nyuma. Alikuja na pikipiki yake.

Mashabiki wa Gold Wing wanasifu utulivu wa injini, wa Harley wanasifu mlio wake, wa BMW wanasifu kupita popote. Lakini ziangalie hizo Gold Wing na Electra Glide kubwa kwa nyuma. Utakuta kiti kipana, egemeo la mgongo, pa kuwekea mikono, pa kukanyagia palipotulia. Unadhani hayo yamewekwa kwa ajili ya dereva? Watengenezaji walishaelewa zamani kwamba safari ndefu inaamuliwa na anayekaa nyuma. Akisema amechoka, safari imekwisha, hata kama injini bado inadai.

Huku kwetu pikipiki nzito ya safari ni hiyo hiyo ya cc 150. Lakini kanuni ni ile ile. Kwa hiyo nikampa mume wangu sharti: tusibishane kwa mdomo. Kila mmoja aendeshe kila pikipiki, na kila mmoja akae nyuma kwenye kila pikipiki.

Baba nyuma, mama mbele

Hapo sasa! Mwanamke anaendesha, mwanamume kakaa nyuma amejishikilia, tena mchana kweupe. Kijiweni walisimama wote. Mzee mmoja akanisalimia kwa heshima, "Mwangaluka, mayu," halafu akauliza kwa huruma kabisa, "Huyo mgonjwa unampeleka hospitali gani?"

Mume wangu akajibu, "Shikamoo baba. Mimi mzima tu."

"Marahaba. Sasa mbona umepakiwa?"

Nilicheka mpaka nikapunguza mwendo. Lakini mwendo mfupi mbele, mwenye Boxer yake akaanza kulalamika huko nyuma. "Mama, matuta haya mbona hunitangazii?" Ndiyo lile nililokuwa namwambia kila siku! Dereva analiona tuta, mwili wake unajiandaa. Wa nyuma anaona mgongo wa mwenzake tu, tuta linamkuta amekaa kama gunia. Miaka yote ameimiliki Boxer ile na hajawahi kukaa kiti chake cha nyuma hata siku moja. Tangu siku hiyo kila tukifika kwenye tuta anasema "tuta", nami nanyanyuka kidogo. Neno moja tu, mgongo wangu umepona.

Haya, tuzilinganishe

Nguvu kwanza. Injini ya Boxer ni karibu cc 145, ya TVS yangu ni karibu cc 125. Tofauti ni cc 20, yaani vijiko vinne vya chai. Ukiwa peke yako huvioni vijiko hivyo. Mkiwa wawili, na begi, na mchele wa mama mkwe, halafu mmeshika lami ya Lamadi na upepo uko mbele, utaviona. Yangu inataka ushuke gia na kuvumilia, yake inaendelea na safari. Kutoka Lamadi kwenda Magu, mabasi na malori yanapopishana nawe yanakusukuma kwa upepo. Hapo akiba kidogo ya nguvu ni usalama, siyo mashindano. Na tulikubaliana kwamba lori la pamba haliovateki mpaka wote wawili tuseme ndiyo. Wa nyuma naye ana maisha.

Mafuta. Tulipima kwa njia ya kizamani: jaza tenki, andika kilomita, tembea, jaza tena, gawanya. Nikiwa peke yangu TVS ilinipa kilomita 60 na ushee kwa lita. Boxer yake ilitoa kama 50. Tukiwa wawili zote zilishuka. Kwa mwalimu anayekwenda kazini na kurudi, tofauti hiyo mwisho wa mwezi ni sukari na sabuni.

Matope. Wanaoijua Simiyu wanaujua ule udongo mweusi wa mbuga. Mvua ikinyesha unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka tairi linagoma kuzunguka. Hapo hakuna cha cc, kuna kusukuma. Nyepesi ndiyo bora, na yangu nilikuwa naitoa mwenyewe bila kumwita mtu. Pointi kwangu.

Kiti na shokapu. Zote mbili zina kiti kirefu kilichonyooka, maana zimetengenezwa kwa ajili ya kubeba. Kabla hujalaumu kiti, fanya mambo mawili. Pikipiki nyingi zina ngazi za kukaza springi za nyuma, na mkiwa wawili mnatakiwa kupandisha ngazi. Watu wengi hawajawahi kuzigusa tangu siku ya kununua. La pili, tairi la nyuma linataka upepo zaidi unapobeba mtu, na kiasi chake kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Tulipofanya hayo, safari iliyokuwa inaniuma nyonga ikawa ya kawaida. Mkaguane na cheni pia. Cheni ya mtu mmoja ikibebeshwa wawili inalegea mapema.

Spea na fundi. Hapa ni sare. Fundi wetu wa Bariadi anazifungua zote mbili huku anapiga stori. Mwenye Gold Wing akija huku na tatizo atatafuta spea mpaka ng'ambo, sisi tunavuka barabara. Ila macho yawe wazi: duka moja lilituuzia breki shuu za "orijino kabisa mwalimu", zikaisha ndani ya wiki tatu. Mpe fundi mwaminifu akague kabla hujalipa.

Na kofia ngumu, jamani. Utafiti uliojumlisha tafiti nyingi za ajali za pikipiki umeonesha kwamba kofia inapunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69. Haukusema kichwa cha dereva peke yake. Mwanamume aliyefunga redio na taa za rangi kwenye pikipiki, halafu kofia iko moja tu na ameivaa yeye, huyo ameshakujibu swali lako la mapenzi. Kuhusu kupakizana mishikaki na mtoto katikati, naomba nisianze, nitamaliza ukurasa.

Sasa iuzwe ipi?

Tukahesabu. Kwa mtu mmoja, TVS. Kwa wawili na safari ndefu, Boxer. Na sisi safari ya Mwanza hatuwezi kuikwepa. Hesabu ikasema ya kwangu ndiyo iende.

Nilinyamaza, na si kwa sababu ya hesabu, maana niliikubali. Ile TVS niliinunua kwa mshahara wangu, nikidunduliza miaka miwili. Kadi ina jina langu. Ndiyo iliyokuwa inanipeleka shuleni, kwenye kikoba, kwa mama yangu, bila kumwomba mtu. Ikiondoka, nyumba itapata mabati, na mimi nitarudi kuwa abiria. Dada zangu mnaosoma mnanielewa. Ndoa nyingi zikibanwa na pesa, cha kwanza kuuzwa ni cha mke, tena kwa maneno mazuri sana: "Si vyote ni vyetu?"

Usiku nikamwambia, "Baba, nimekubali yangu iuzwe. Lakini kadi ya Boxer ibadilishwe, iandikwe jina langu."

Kimya. Halafu, "Watu watasemaje?"

"Watu gani? Si wale waliokwisha sema wewe ni mgonjwa?"

Alicheka, lakini hakujibu. Siku mbili nyumba ilikuwa na salamu tu. Nami sikumsukuma. Nilimwacha aone mwenyewe: kama vyote ni vyetu, basi jina langu kwenye kadi halimpunguzii kitu. Na kama linampunguzia, basi havikuwa vyetu. Siku ya tatu alirudi na kusema ameanza taratibu za kubadilisha umiliki, nijiandae tukasaini. Hakutoa hotuba. Aliomba chai.

TVS imenunuliwa na mwalimu mwenzangu kijana. Nikipishana nayo barabarani naitambua kwa mlio kabla sijaiona, na moyo unashtuka kidogo, sitadanganya. Mabati yamepanda. Siku za kazi naamka mapema, nampeleka mume wangu kwenye kituo cha gari, yeye nyuma na kofia yake, halafu naelekea shule. Jumamosi ni zamu yake. Zipo siku wote tunaihitaji, mmoja anapanda bodaboda akiwa amenuna. Hayo nayo ni maisha. Lakini sasa akitaka kutoka ananiambia, "Mama, naomba ufunguo," nami nikitaka kutoka namwambia anakokwenda ufunguo.

Kwa wewe na mwenzako

Kama mnafikiria kununua pikipiki ya wawili, msianze na rangi wala na kijiwe kinasemaje. Atakayekaa nyuma aijaribu kwanza, kwa mwendo mrefu, siyo kuzunguka duka. Halafu mbadilishane viti, hata kama wazee watawapa pole. Kofia ziwe mbili kabla ya mapambo yoyote. Na kabla ya kutoa pesa, mkubaliane jina la nani linaandikwa kwenye kadi na kwa nini. Swali hilo likiwashinda dukani, litawashinda zaidi siku mtakayotaka kuuza.

Na wewe unayeota Gold Wing, ota tu, ndoto hailipiwi bima. Siku sisi tukiipata ntakwambia. Nasikia kile kiti chake cha nyuma ni kama sofa, kwa hiyo tutapokezana. Tukutane mwezi ujao!