Ng'ombe Wawili kwa Kompyuta Moja

Juma lililopita nilipigiwa simu na mama mmoja, mkulima wa alizeti mkoani Singida, ambaye mwanawe ni mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu. Baada ya salamu ndefu aliuliza jambo moja tu: "Mwalimu, hiyo kompyuta ya gemu anayoitaka kijana wetu, ina thamani ya ng'ombe wawili?" Nilimwomba anipe siku mbili. Nakiri kwamba jibu la kwanza lililonijia lilikuwa la dharau. Nilidhani kijana anataka kuchezea jasho la mama yake.

Kwa anayetaka kucheza tu, hesabu haina utata. Kadi ya michoro ya NVIDIA RTX 5090 ilitoka Januari 2025 kwa dola 1,999 za Marekani, yaani karibu shilingi milioni 5, kabla hujanunua kompyuta yenyewe. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma nchini, hata baada ya nyongeza ya Julai 2025, ni shilingi 500,000. Miezi kumi ya kazi, basi, kwa kipande kimoja cha mashine. Umeme nao una yake: kompyuta ya wastani inayokula nusu kilowati, ikichezewa saa tano kila siku, humaliza uniti 75 kwa mwezi, ambazo ndizo kikomo cha mteja wa TANESCO anayelipia bei nafuu. Raha ya ziada anayoipata mwenye mashine ghali ni ya kweli, ila haifanani hata kidogo na tofauti ya bei.

Lakini kijana hakutaka kucheza. Nilipomwita ofisini alinionyesha kazi yake: anaifundisha kompyuta kutambua maradhi ya mimea kwa picha za majani. Kompyuta mpakato aliyonayo hukesha usiku kucha kwa kazi ambayo kadi ya gemu ingeimaliza kwa dakika chache. Sababu yake inaeleweka. Kadi hiyo iliundwa kufanya maelfu ya hesabu ndogo kwa wakati mmoja ili kila nukta ya picha ipate rangi yake, na hesabu za namna hiyohiyo ndizo uti wa mgongo wa akili mnemba. Mwaka 2012 Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton wa Chuo Kikuu cha Toronto waliwashangaza watafiti wenzao kwa programu ya kutambua picha iliyofunzwa kwa kadi mbili za GTX 580, kadi za gemu za dukani, kila moja ikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 3. Mwaka 2024 Hinton alitunukiwa Nobel ya fizikia.

Hapa ndipo suala linapoacha kuwa la mama na mwanawe. Miaka miwili iliyopita idara yetu iliomba mashine mbili za aina hiyo kwa ajili ya maabara. Kamati iliyohusika ilizikata kwa sababu profoma ya muuzaji ilikuwa na neno "gemu". Fedha za umma, tuliambiwa, si za michezo. Mwaka huohuo zilinunuliwa kompyuta mpakato za bei isiyopungua hiyo kwa ajili ya wakubwa, ambao (nasema kwa heshima) huzitumia kusomea barua pepe. Hapo hakuna aliyeuliza thamani. Gharama ambayo taasisi ingeibeba mara moja, wanafunzi wakatumia mashine kwa zamu kwa miaka, sasa inahamia kwenye zizi la mkulima, naye ndiye anayeulizwa kama anatumia fedha vizuri.

Nilimpigia mama yule nikamwambia asiuze wawili. Kompyuta iliyokwishatumika, yenye kadi ya RTX 3060 ya gigabaiti 12 iliyotoka mwaka 2021, inatosha kabisa kwa kazi ya kijana hadi ahitimu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema basi atamuuza dume, maana jike bado linakamuliwa.

Sisi idarani tumewasilisha ombi upya mwezi huu. Mashine ni zilezile. Tumemwomba tu muuzaji aandike kwenye profoma "kompyuta za uchakataji wa picha".