Wapiga Picha wa Ridhaa na Ridhaa ya Anayepigwa Picha



Juma hili nawaalika tutafakari jambo ambalo pengine baadhi yenu mtaona liko mbali na mambo ya imani, nalo ni vyama vya wapiga picha wa ridhaa na mashindano yao. Tangu simu ya mkononi ilipogeuka kuwa kamera, vijana wengi wa parokia zetu wamejiunga katika vikundi vya namna hii. Hukutana mara moja kwa mwezi, hupeana mada, hutoka pamoja kwenda kupiga picha, kisha huleta kazi zao zitazamwe, zisahihishwe na kushindanishwa. Wazazi wengine wameniuliza kama huo si upotevu wa muda. Wengine wameniuliza swali zito zaidi: je, ni haki mtu ajipatie tuzo kwa uso wa mwenzake aliye katika majonzi? Swali la kwanza nitalijibu kwa ufupi. La pili linahitaji utulivu.

Vyama hivi si jambo geni duniani. Habari ya uvumbuzi wa Daguerre wa Ufaransa ilitangazwa mwaka 1839, na haikupita miaka kumi na mitano kabla ya wapenzi wa sanaa hiyo kuanza kuungana. Chama cha wapiga picha cha London kilianzishwa mwaka 1853, na hadi leo kingali hai. Mwaka 1950 vyama vya mataifa mbalimbali viliunda shirikisho lao la kimataifa, FIAP. Utaratibu wa vyama vingi unafanana. Mada hutangazwa mapema, kwa mfano mvua, mikono ya wazee, au njia ya kwenda shule. Kila mwanachama huleta picha chache. Majaji huzitazama bila kujua ni za nani, hueleza uzuri na upungufu wa kila moja, ndipo hutoa alama.

Mimi naona shule kubwa ya maadili hapo. Kijana anayeketi mbele ya wenzake na kusikia kwamba picha aliyoipenda ina mwanga hafifu, au kwamba amekata miguu ya watu bila sababu, anajifunza unyenyekevu ambao mahubiri yangu pengine yasingemfundisha. Anajifunza kungoja jua lishuke. Anajifunza kuona umande juu ya jani la mgomba alilolipita kila siku bila kuliangalia. Mwenye macho ya namna hiyo yu karibu na sala, maana kumshukuru Muumba huanza kwa kuviona alivyoviumba. Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, usimzuie mwanao. Afadhali umwulize juma hili amepiga picha gani, na kwa nini.

Sasa nigeukie swali la pili. Lugha yetu imetuwekea fundisho ndani ya neno moja. Anayepiga picha kwa kupenda, bila kulipwa, twamwita mpiga picha wa ridhaa. Lakini ridhaa ni pia ule ukubali wa moyo, pale mtu anaposema: sawa, nimekubali. Mpiga picha wa ridhaa anayo ridhaa yake mwenyewe. Je, anayo pia ya yule aliye mbele ya kamera?

Historia ya Kanisa inaye mpiga picha mmoja wa ridhaa ambaye ningependa kila chama kimfahamu. Jina lake Secondo Pia, mwanasheria wa Italia, aliyekuwa mwanachama wa klabu ya wapiga picha wa ridhaa katika mji wa Torino. Mwezi Mei 1898, Sanda ya Torino ilipotolewa hadharani ili waamini waiheshimu, Pia alitaka kuipiga picha. Wakati huo Sanda ilikuwa mali ya ukoo wa kifalme wa Savoia, na haikuwa imewahi kupigwa picha rasmi. Mwanasheria huyo hakujipenyeza katikati ya umati na kamera yake. Kibali kiliombwa kwa Mfalme Umberto wa Kwanza, ambaye hapo awali alisita, kisha akakubali. Jaribio la tarehe 25 Mei halikufanikiwa. Usiku wa tarehe 28 alirudi na taa zake za umeme na sahani zake kubwa za kioo. Alipokuwa akiisafisha picha chumbani mwa giza, aliona katika negativu uso wa mwanamume ukijitokeza waziwazi, kuliko unavyoonekana kwa macho katika kitambaa chenyewe.

Wapo waliomshutumu kwamba aliichezea picha ile. Alingoja muda wa miaka 33, hadi mwaka 1931, ambapo mpiga picha mwingine, Giuseppe Enrie, alipiga Sanda upya na kupata matokeo yaleyale. Kuhusu umri wa kitambaa chenyewe, wataalamu waliokipima mwaka 1988 walikadiria kuwa ni cha kati ya miaka 1260 na 1390, na mjadala bado unaendelea. Mwaka 1998 Papa Yohane Paulo wa Pili alieleza huko Torino kwamba maswali ya namna hiyo Kanisa linawaachia wanasayansi. Ninalotaka tulishike leo ni dogo zaidi. Mwanasheria yule alingoja kibali cha mfalme ili apige picha ya kitambaa. Sisi twapiga picha ya machozi ya mjane bila hata kumwamkia.

Msidhani nazungumza mambo ya kufikirika. Katika parokia mojawapo niliyopata kuishi, chama cha vijana kilitoa mada ya huzuni. Kijana mmoja mwenye kipaji alileta picha aliyoipiga makaburini: mama aliyekuwa akimzika mwanawe, khanga imemdondoka kichwani, kinywa ki wazi, mikono imeelekea kaburini. Kwa vigezo vya majaji ilikuwa kazi bora. Ilipata nafasi ya kwanza, ikachapishwa kwa ukubwa na kutundikwa ukumbini pamoja na nyingine, ili waamini wazione baada ya Misa ya Dominika. Yule mama naye alikuja Misa. Aliingia ukumbini pamoja na wengine, akasimama mbele ya ile picha, akajifunga vizuri khanga yake kichwani, akaondoka bila kusema neno. Kwa miezi kadhaa akawa anasali Misa ya alfajiri tu, wakati watu ni wachache.

Kijana yule hakuwa na roho mbaya. Alipoelezwa, alifuatana na mzee wa jumuiya yao kwenda kuomba radhi, akampelekea mama ile picha. Mama aliipokea, akaiweka sandukuni. Hakumgombeza. Alimwuliza swali moja tu: "Mwanangu, siku ile uliniona. Mbona hukunipa pole?"

Ndugu zangu, swali hilo lingefaa kuandikwa mlangoni mwa kila chama cha wapiga picha. Katika mfano wa Msamaria mwema, Mwinjili Luka anaeleza kwamba kuhani alimwona yule majeruhi njiani, na Mlawi alimwona, na Msamaria alimwona. Macho yote matatu yaliona damu ileile. Tofauti ilikuwa katika kile kilichofuata baada ya kuona. Kama kuhani na Mlawi wangekuwa na kamera, pengine wangerudi Yeriko na picha nzuri sana.

Najua wapiga picha watanijibu, na jibu lao lina uzito. Watasema kwamba mateso yasipoonyeshwa, dunia hulala usingizi. Ni kweli. Mwezi Oktoba 1984, Mohamed Amin, Mkenya aliyekulia Dar es Salaam na aliyeanza kupiga picha angali mwanafunzi, alikwenda Korem nchini Ethiopia, akawaonyesha walimwengu watu waliokuwa wakifa kwa njaa. Habari hizo zilitangazwa na BBC tarehe 23 Oktoba, na misaada ikamiminika kutoka pande nyingi. Tamasha kubwa la Live Aid la Julai 1985 lilikuwa mojawapo ya matunda yake. Nani angethubutu kusema picha zile zisingepigwa? Lakini angalieni tofauti. Picha za Korem zilirudi kwa wenye njaa zikiwa chakula na dawa. Picha ya yule mama makaburini ilirudi kwa nani, na ikiwa nini? Ilimrudia mpiga picha ikiwa cheti na zawadi. Mateso ya jirani yakionyeshwa ili jirani asaidiwe, huo ni ushuhuda. Yakionyeshwa ili mimi nipigiwe makofi, huo ni unyang'anyi, hata kama mwanga umepangika vizuri. Wahenga walisema, aibu ya maiti aijuaye mwosha. Naye mwosha mwema haendi kuisimulia sokoni.

Mashindano nayo yana kishawishi chake. Tuzo ikiwa kubwa kuliko ukweli, mtu ataupinda ukweli ili aipate. Mwaka 2009, katika shindano mashuhuri la picha za wanyamapori linaloandaliwa huko London, picha ya mbwa mwitu akiruka lango usiku ilipewa ushindi wa kwanza. Januari 2010 ilinyang'anywa, baada ya majaji kuamini kwamba yaelekea mnyama yule alikuwa wa kufugwa na kufunzwa, ingawa mpiga picha alikana. Mwaka 2023 msanii mmoja wa Ujerumani alishinda katika shindano jingine la kimataifa, kisha akaikataa tuzo mwenyewe, akieleza kwamba picha yake ilitengenezwa kwa akili mnemba na kwamba alitaka kuamsha mjadala. Vyama vingi vimetunga kanuni kali dhidi ya udanganyifu wa namna hii, na ni vema. Nashangaa tu kwamba twaweza kuwa wakali katika kulinda ukweli wa mnyama, halafu tusiwe na kanuni hata moja ya kulinda heshima ya mwanadamu aliyeumbwa kwa sura ya Mungu.

Maoni yangu basi ni haya, nami nayatoa kwa viongozi wa vikundi vya parokia na kwa yeyote anayeandaa mashindano.

Kwanza, picha yoyote inayoonyesha uso wa mtu isipokelewe shindanoni mpaka mpiga picha aseme kwamba mhusika ameombwa na ameridhia. Na kama ni mtoto, mzazi au mlezi wake. Serikali yenyewe imetutangulia hapa: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu. Isiwe aibu kwa Wakristo kusubiri kusukumwa na sheria katika jambo ambalo upendo ungetosha kutufundisha.

Pili, msibani, hospitalini na katika kitubio, kamera ya mashindano isiingie. Familia ikihitaji picha za mazishi ya mpendwa wao, hiyo ni kazi ya kuwatumikia, na picha hizo ni zao. Vivyo hivyo wakati wa Misa: anayepiga picha kwa niaba ya jumuiya awe mmoja au wawili, wanaojulikana, wasiopita mbele ya altare wakati wa mageuzo.

Tatu, aliyepigwa picha awe wa kwanza kuiona, kabla ya majaji. Apelekewe nakala nyumbani. Wapo wazee wengi katika vigango vyetu ambao hawana hata picha moja yao ukutani, ingawa sura zao zimezunguka katika simu za watu wasiowafahamu.

Nne, majaji watafute pia furaha. Yaonekana tumezoea kudhani kwamba uso wa Mwafrika ni mzuri pichani ukiwa na machozi, vumbi au njaa. Toeni mada za harusi, za mavuno, za bibi akicheka na wajukuu. Kumpiga picha mtu anayecheka kwahitaji ustadi zaidi, maana kicheko hakimngoji mpiga picha.

Kuna watakaosema kwamba kanuni hizi zitapunguza idadi ya picha. Zitapunguza, na sioni hasara. Atakayeomba ruhusa mara kumi na kukataliwa mara saba atabaki na picha tatu, na watu kumi aliozungumza nao.

Mapokeo yetu yanamtambua Mtakatifu Veronika kuwa msimamizi wa wapiga picha. Injili hazimtaji, lakini twakutana naye kila Kwaresima katika kituo cha sita cha Njia ya Msalaba. Tazameni mpangilio wa tendo lake. Alipenya kati ya askari kwa sababu aliona uso uliojaa damu na jasho, akaupangusa. Hakuomba kitu. Ile sura iliyobaki katika kitambaa chake alipewa na mwenye uso, baada ya huduma, ikiwa zawadi. Huyo ndiye mwalimu ninayewaombea vijana wetu wenye kamera: kitambaa kwanza, picha baadaye.

Nawatakieni nyote Dominika njema na juma lenye baraka. Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu awabariki.

Wenu katika Kristo,
Paroko