Faiba Hainunuliwi Tu

Nimechoka kusikia kwamba utafiti wa mwanga ni anasa. Nilisomea fizikia, na leo kazi yangu ni kuunganisha faiba kwenye mashimo ya barabarani kati ya Jangwani na Kariakoo. Siidharau, inanilipia kodi ya chumba. Lakini niliwahi kupeleka andiko la utafiti kwa bwana mmoja anayegawa fedha, akalifunga kabla ya ukurasa wa pili. "Kijana, faiba inanunuliwa, haitafitiwi."

Basi asikilize. Hiyo faiba ya kununuliwa ipo kwa sababu kuna mtu alilipwa mshahara ili aulize swali. Mwaka 1966 Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai aliyefanya kazi katika maabara ya kampuni ya simu huko Harlow, Uingereza, aliandika pamoja na George Hockham kwamba kioo chenyewe hakina kosa. Kinachomeza mwanga ni uchafu uliomo ndani yake, chuma na mengineyo. Kioo cha siku zile kiliuzima mwanga ndani ya makumi ya mita tu. Kao alitaka asilimia 1 ibaki baada ya kilomita 1, basi. Mwaka 1970 watafiti wa Corning, Marekani, wakavuka hapo. Leo uzi ninaoushika, mwembamba kama unywele, unapitisha mwanga kilomita 15 na bado nusu yake ipo.

Kao alipewa Nobel mwaka 2009, mwaka uleule mkongo wa SEACOM ulipotua Dar es Salaam. Tukashangilia mkongo. Maabara hatukuuliza. Mei 12, 2024 SEACOM na EASSy zikakatika baharini upande wa Afrika Kusini, na wauza simu wa Mtaa wa Aggrey wakabaki wanakodolea kiduara kinachozunguka kwenye kioo.

Mtasema tuna matatizo makubwa kuliko mwanga. Haya, tuchukue maji. Desemba 2011 Msimbazi ulifurika, watu wakafa, walionusurika wakahamishiwa Mabwepande. Hadi leo mvua ikizidi, Barabara ya Morogoro inafungwa pale Jangwani na mwendokasi unakatishwa. Sasa, sisi mafundi tunapopima faiba tunarusha pigo la mwanga na kusoma kile kidogo kinachorudi. Uzi ukivutwa, ukitikiswa au ukipata joto, kinachorudi kinabadilika. Kwingine duniani wanasikiliza matetemeko ya ardhi kwa faiba zilezile zilizofukiwa kwa ajili ya intaneti. Chini ya mitaa hii zipo nyuzi ambazo hazijawahi kuwashwa. Nazijua kwa rangi zake. Je, zinaweza kusikia udongo wa bonde ukilegea na maji yakipanda? Hilo ndilo lilikuwa ukurasa wa pili. Halihitaji kuchimba hata mtaro mmoja. Linahitaji mashine ya kusomea, mwanafunzi wa uzamivu, na mtu wa kumlipa akose majibu mwaka mzima bila kufukuzwa.

Ninachodai ni kidogo. Kila mkataba wa kufukia faiba katika jiji hili uandikwe kwamba nyuzi 2 ni za chuo kikuu, bure, kwa utafiti. Kebo nyingi ninazofungua zina nyuzi 48 au 96. Hakuna mteja atakayejua kwamba 2 hazipo.