Mteremko mkali si hasara

Ndugu wanakoperative, wengi mu Kivu wanasema shamba la mteremko mkali ni hasara. Mimi sikubali. Muangalie Lavaux, kule Uswisi, juu ya ziwa Léman, mashamba ya mizabibu yenye UNESCO iliandika mu urithi wa dunia mwaka 2007. Wanalima pale Chasselas, zabibu ya divai nyeupe. Harufu yake ni ya pole, njo maana udongo wa mahali unasikika mu kinywa. Wenyeji wanasema inapata majua matatu: la mbinguni, la ziwa lenye kurudisha mwangaza, na la kuta za mawe zenye kutunza joto. Dézaley na Saint-Saphorin ni jirani, lakini kila divai inauzishwa na jina la kwayo. Jina hilo lilitoka mu kazi: zamani, udongo wenye mvua ilishusha, watu waliupandisha tena na vikapu mgongoni!

Na sisi? Udongo wetu unaenda ziwani, kahawa ya vilima vitatu tunaitia mu mfuko moja, kisha tunalalamikia bei. Naomba msimu huu kila koperative ichague kilima kimoja: mitaro ichimbwe, na kahawa yake ioshwe peke yake.